Je, tuiombe kaunti fedha za kuwalipa wanaosalimisha bunduki kwa hiari?

MamaAmani: Wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya amani katika wadi moja ya Pokot Magharibi, Kenya. Kila unapotangazwa muda wa msamaha kwa wenye silaha haramu, vijana hutujibu kwamba bunduki waliinunua kwa ng'ombe, hivyo hawawezi kuipeleka kwa chifu na kurudi mikono mitupu. Naandaa pendekezo la bajeti ya kaunti ili kila anayesalimisha silaha alipwe. Nimemzika mtoto wa dada yangu aliyeuawa kwa risasi, kwa hiyo nawaomba mnishauri bila kunificha: fedha hizo tuziombe wapi, na malipo yawe ya namna gani?

Mwanasheria_Kitale: Pole sana kwa msiba, dada. Pendekezo hilo litakwama, kwa kuwa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeiachia serikali ya kitaifa masuala ya ulinzi na polisi, ilhali kaunti imekabidhiwa kilimo na mifugo. Fidia ya silaha iombwe kwa wizara ya usalama wa ndani. Kaunti iombeni josho, soko la mifugo au chanjo. Wahini mapema, maana waraka wa mkakati wa fedha, unaotangulia bajeti, hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari.

Mzee wa Moroto: Binti yangu, sisi huku Karamoja tulilipitia jambo hilo. Desemba 2001 serikali ya Uganda ilianza kukusanya bunduki kwa hiari, ikiahidi plau za maksai na mabati, na zilipatikana bunduki takriban 10,000. Mwaka uliofuata wanajeshi wengi walihamishiwa kaskazini kupigana na waasi wa LRA, na jamii zilizokwisha kusalimisha silaha zikavamiwa na majirani ambao bado walikuwa nazo, hata watu wakaanza kutafuta bunduki upya. Usipange bei ya bunduki kabla hujajua nani atalinda zizi la aliyeitoa, na kwa fedha za miezi mingapi. Upande wa pili wa mpaka nao usalimishe wakati uo huo.

Fundi_Pemba: Naongeza dogo kutoka Msumbiji. Kuanzia 1995 Baraza la Kikristo la nchi hiyo lilibadilishana silaha na baiskeli, cherehani, majembe na mabati, kisha silaha zikakatwakatwa. Naunga mkono njia hiyo, kwa sababu fedha taslimu huweza kununulia bunduki nyingine, tena nzuri kuliko ile mbovu iliyosalimishwa.

MamaAmani: Nawashukuru, hasa wewe mzee. Nitaandika barua mbili, na ile ya wizara itaanza na ulinzi wa mazizi. Limebaki moja: vijana wanaogopa kuandikwa majina.

Mwanasheria_Kitale: Ombeni tangazo la msamaha liseme kwa maandishi kwamba anayesalimisha hatashtakiwa kwa kuimiliki silaha hiyo, na kwamba stakabadhi ya malipo itabeba namba ya bunduki, si jina la mtu. Bila maandishi hayo, msimpeleke kijana yeyote kituoni.