Situmii nyama, lakini kilo zinapanda. Nirekebishe wapi kwenye mlo?

Nyota ya Ziwa:
Habari za leo wadau. Mimi ni mwanamke, miaka 34, kimo sentimita 162, uzito kilo 81. Ni Msabato, nyama na samaki sili, ila mayai na maziwa natumia. Kazi yangu ni ya kukaa ofisini. Sukari na presha ziko sawa, ila kliniki wameniambia nipunguze kilo kumi hivi.

Asubuhi ni chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu, chapati mbili. Mchana wali na maharage ya nazi, mchicha pembeni. Saa kumi chai tena na maandazi mawili. Usiku ugali na kisamvu cha karanga. Soda sinywi. Nyumbani tuko watu wazima wanne na lita moja ya mafuta ya kupikia inakwisha kwa siku nne.

Je, nikiacha ugali na wali kabisa itatosha? Na protini nitaitoa wapi bila nyama?

Afisa Lishe Moro:
Dada Nyota, ulichokiandika mwishoni ndicho cha kuanza nacho. Lita moja ya mafuta ina kalori kama 8,200. Gawa kwa watu wanne, kwa siku nne: kila mmoja anameza zaidi ya kalori 500 za mafuta kwa siku, kabla hujahesabu punje ya wali. Mtu wa kimo na uzito wako anayekaa kutwa anatumia karibu kalori 2,000 hadi 2,100 kwa siku. Robo yake imeshaondoka kwenye kikaango.

Fanya hivi. Chukua kalamu, andika kwenye chupa tarehe uliyoifungua. Lita hiyo hiyo ifikishe siku 12 kwa watu wanne. Hapo kila mtu anapata kama mililita 20 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chakula na kidogo juu, na bado chakula kinakuwa na ladha. Usimimine kutoka kwenye chupa hata siku moja. Pima kwa kijiko. Mkono ukimimina, vijiko vitatu vinaonekana kama kimoja, na kila kijiko cha chakula ni kalori 120.

Tui na karanga nazo ni mafuta, tusijidanganye kwa sababu zinatoka shambani. Tui zito, mililita 100, ni kalori 200 na zaidi. Gramu 30 za karanga, konzi moja, ni kama 170. Ni vyakula vizuri, ila havistahili kuwekwa kwa kukadiria. Na siku moja yako ina tui mchana, karanga usiku, na mafuta ya kukaangia kwenye vyote viwili, pamoja na chapati na maandazi. Mtu aliyeacha nyama mara nyingi hunenepea hapo hapo: mboga ni ile ile, kilichobadilika ni kinachoiungia.

Kuhusu kuacha ugali na wali kabisa: usifanye. Kwa mtu asiyekula nyama, wanga na protini vinakaa kwenye punje moja. Maharage, choroko, mbaazi na kunde vyote vina wanga, kwa hiyo anayefuata ushauri wa "acha wanga wote" anajikuta ametupa na protini yake. Atapungua, ndiyo, ila sehemu ya kinachopungua ni misuli, na njaa ya saa mbili usiku itamrudisha kwenye maandazi.

Punguza kiasi. Ugali uwe kama ngumi yako, gramu 200 hivi, ambao umetokana na unga wa gramu 65 na una kalori kama 235. Wali uwe kikombe kimoja uliokwisha kuiva, kalori 200. Dona inashibisha kuliko sembe kwa sababu ya nyuzinyuzi, lakini kalori zake zinakaribiana na za sembe, kwa hiyo dona si ruhusa ya kuongeza tonge.

Protini lenga gramu 75 hadi 80 kwa siku. Maharage yaliyoiva gramu 200 (upawa miwili ya wastani, chuja mchuzi kwanza) yana protini 17 hivi. Choroko kiasi hicho hicho zina 14. Ukila maharage mchana na choroko usiku, ukaongeza mayai mawili (12) na vikombe viwili vya maziwa au mtindi usiotiwa sukari (16), umeshafika karibu 60. Ugali, wali na mboga za majani vinakumalizia zilizobaki.

Mpangilio mzima ukae kwenye kalori 1,600. Utashuka karibu nusu kilo kwa wiki, na usitamani kwenda kasi zaidi ya kilo moja.

Jiko la Tanga:
Afisa kasema kweli, mimi niongeze upande wa sufuria, maana watu wengi wanapunguza mafuta, chakula kinakuwa chapwa, wiki ya pili wanaacha.

Kuunga kwa kijiko kimoja kunawezekana. Sufuria iwe nzito, moto wa wastani, kijiko kimoja cha mafuta kwa watu wanne, kitunguu kimekatwa kidogo kidogo na chumvi kidogo. Chumvi inatoa maji ya kitunguu, hakiungui. Kikianza kunata, tia maji vijiko viwili, kwangua chini kwa mwiko, acha yakauke, rudia mara mbili au tatu. Kitunguu kinapata rangi ya kahawia na utamu ule ule. Hapo ndipo unatia kitunguu saumu, tangawizi, bizari, halafu nyanya. Nyanya usiziharakishe, zipikike mpaka zisagike zenyewe. Wanaotia nyanya kitunguu kikiwa bado cheupe ndio wanaolalamika kwamba bila mafuta mengi hakuna mchuzi.

Nazi usiiache, ibadilishe matumizi. Maharage yapikie tui la pili, lile jepesi. Tui la kwanza weka nusu kikombe tu kwa sufuria ya watu wanne, mwishoni kabisa, moto mdogo, ukikoroga upande mmoja lisikatike, likitokota mara moja epua. Harufu ya nazi inabaki yote, kwa kalori kama 70 kwa kila mtu. Kisamvu kipe ama karanga ama nazi, si vyote viwili. Karanga zilizosagwa vijiko vitatu vya chakula kwa sufuria ya watu wanne zinatosha. Mchicha na matembele vitoe vikiwa bado kijani.

Chapati ndiyo itakayokuuma. Moja ya kusukuma, kubwa, ni kalori kama 300, na wewe unakula mbili. Badili na viazi vitamu vya kuchemsha gramu 200 (chini ya kalori 200) na mayai mawili ya kuchemsha. Chapati iwe ya Jumapili, moja.

Nyota ya Ziwa:
Asanteni sana, sikujua kabisa hesabu ya mafuta. Maswali mawili: maharage kila siku yananijaza gesi, nifanyeje? Na kuna dada ofisini ananisisitizia maji ya limau ya moto asubuhi, anasema yanayeyusha mafuta.

Jiko la Tanga:
Gesi inatokana na aina ya sukari ndani ya maharage ambayo utumbo hauisagi, inakwenda kuchachuka chini. Loweka usiku kucha, kwa muda wa saa 8 hadi 12, maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, weka mapya. Chemsha kwa nguvu dakika 10 za mwanzo bila kufunika, usianze na moto mdogo, kwa sababu maharage ambayo hayajachemka sawasawa yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha. Anza na choroko au mbaazi zilizokobolewa, ni laini zaidi tumboni. Kiasi ongeza taratibu, upawa mmoja kwa siku wiki ya kwanza. Na kunywa maji, maana nyuzinyuzi nyingi bila maji ni choo kigumu.

Muuguzi Kahama:
Limau haliyeyushi mafuta ya mwilini. Lakini usilitupe, likamulie kwenye mchicha na maharage, kwa sababu vitamini C inasaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye mimea. Kinyume chake ni chai. Chai ukiinywa pamoja na chakula inazuia chuma hicho, na mwanamke wa umri wako anahitaji miligramu 18 kwa siku. Sogeza chai saa moja baada ya mlo, na sukari shusha kutoka vijiko vitatu hadi kimoja. Vikombe viwili vyenye vijiko vitatu vitatu ni gramu 24 za sukari, karibu kiwango chote ambacho Shirika la Afya Duniani linaona ni vizuri mtu mzima asikizidi, gramu 25.

Vitamini B12 haimo kwenye maharage wala mboga za majani. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 2.4 kwa siku. Kwa mayai mawili na maziwa vikombe viwili unaipata, kwa hiyo unapopunguza kalori usianzie hapo. Asiyegusa kabisa mayai wala maziwa lazima ameze vidonge vya B12. Ini huweka akiba ya miaka, kwa hiyo upungufu hujitokeza kwa kuchelewa: ganzi vidoleni, ulimi kuuma, uchovu. Mboga za majani zina foleti (vitamini B9) nyingi, na foleti inaweza kuficha upungufu wa damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika, ndiyo maana kipimo cha wingi wa damu peke yake hakimwondolei wasiwasi.

Pima uzito mara moja kwa wiki, asubuhi baada ya choo, kabla ya kula, mizani ile ile. Wiki ya kwanza unaweza kushuka kilo mbili, nyingi ni maji, usishangilie sana. Siku za kukaribia hedhi mwili unashika maji na mizani inaweza kupanda hata kama umekula vizuri, basi linganisha mwezi kwa mwezi. Pima na kiuno kwa utepe wa fundi cherehani, usawa wa katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga.

Kwa wengine wanaosoma: mjamzito asifuate mpango huu, anayenyonyesha aongee kwanza na kliniki. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asipunguze ugali kabla daktari hajarekebisha dozi, sukari inaweza kushuka ghafla akaanguka.