Shule ya Masingasinga

*Kikundi: UKOO WA BABU (Kericho, Mombasa, Nai na UK)*

Dada UK: Hamjambo nyote. Nina jambo nataka mnishauri kabla sijajaza fomu ya mtoto ya sekondari, mwisho ni tarehe 31 Oktoba na huku ukichelewa basi ujue umechelewa. Kuna shule ya Masingasinga hapa Birmingham, inaitwa Nishkam, ni ya serikali hakuna karo, nafikiria kuiweka namba moja

Nyanya: masingasinga wa kilemba

Kitinda: Hao hao nyanya 😂

Nyanya: na mtoto si alibatizwa

Dada UK: Alibatizwa na atabaki amebatizwa mama. Si wote pale ni wa dini yao. Hizi shule za dini mpya mpya za serikali hapa England zikijaa haziruhusiwi kuchukua zaidi ya nusu kwa ajili ya dini, ile nusu ingine ni yeyote, Mkristo Mwislamu asiye na dini wote wanapanga foleni moja

Mjomba Lori: Mimi na Masingasinga sina shida kabisa. Miaka yote hii nikipanda na kushuka Mombasa road nimekula pale kwa hekalu lao la Makindu mara ngapi sijui na hakuna siku mtu aliniuliza naenda kanisa gani, unavua viatu unafunga kitambaa kichwani unapewa dengu chapati na chai unashiba unaenda zako, na ukiwa umechoka kuna mahali pa kulala

Kaka Nai: Hiyo ya Makindu ni ya 1926, walijenga wale wa reli

Mjomba Lori: Ijengwe lini, mi najua chai yake tu bana

Babu: Nishkam hao mbona ni watu wetu wa hapa. Aliyeanzisha chama chao ni Baba Puran Singh wa hapa Kericho. Mimi nilipokuja kutafuta kazi alikuwa ameshahamia Uingereza lakini mafundi wote walikuwa wakimtaja

Dada UK: BABU!! Ndio nilikuwa nafika hapo. Huku wanamwita Baba wa Kericho, yaani Kericho ndio jina lake. Alifariki 1983. Mimi nimekaa Handsworth miaka sita napita na basi 74 mbele ya gurudwara yao, yaani hekalu lao, pale Soho Road kila siku asubuhi sikujua kitu, nikidhani tu ni jumba la Wahindi

Kitinda: Kwa hivyo tumetoka Kericho tukaenda Uingereza tukakuta Kericho imetangulia 😂😂

Shangazi Mombasa: Asalaam aleikum. Na chakula chao je? Maana kijana wangu anakaa hapo kwako

Dada UK: Waleikum salaam wifi. Nyama hakuna kabisa pale, wala samaki, wala yai. Mboga, dengu, wali, chapati, maziwa

Shangazi Mombasa: Haya, dengu na chapati sina neno nazo, jirani ni jirani. Ila ile halua wanayogawa baada ya ibada mwanangu aniwie radhi, ile yawekwa kwanza mbele ya kitabu chao. Akatae kwa adabu, asiichukue kisha akaitupa, hilo ndilo baya

Dada UK: Nitamwambia. Na wenyewe ukikataa vizuri hawana neno

Nyanya: watamfunza kuomba nani

Dada UK: Mama sikiza nikusimulie. Jirani yangu hapa, mama Singasinga, alinialika Jumamosi nikasaidie jikoni pale gurudwara, wao wanaita seva, yaani kazi ya kujitolea. Hata hilo neno nishkam maana yake ni kutenda bila kutaka malipo. Nikaenda na mtoto. Nikafunika kichwa na kile kitambaa chako cha kanisani mama, kile cha maua, kwa hivyo hapo usijali. Kuingia jikoni nikapigwa na butwaa. Masufuria unaweza kuogea. Wazee wa ndevu mpaka kifuani wamekaa wanakata vitunguu machozi yanawatoka na hakuna mtu anawacheka, na kando yao kuna nyanya mmoja Mjamaika wa kanisa la mtaa wetu anamenya viazi, nikauliza akaniambia amekuja miaka na miaka. Vijana Wasomali wawili wanabeba magunia ya unga. Nikawekwa kwa chapati.

Kitinda: Aki wamekwisha

Dada UK: Wee ngoja. Nimeshika kibao nasukuma, nikasema wacha niwaonyeshe watu chapati ni nini, nikauliza kwa Kizungu mafuta ya kupaka ndani yako wapi nikunje nisukume tena. Kuna mama mzee hivi pembeni, wa miaka 80 na kitu, akaniangalia mikono, akasema kwa Kiswahili, "Mafuta ya nini? Hii si chapati ya Nakuru."

Mjomba Lori: 😂😂😂😂

Shangazi Mombasa: Subhanallah 😂

Dada UK: Nilitaka kuanguka. Kumbe kazaliwa Kisumu, baba yake alikuwa fundi wa reli, waliondoka 1968. Kiswahili chake ni kile cha gereji cha zamani, wewe leta ile unga, upesi upesi, hapana simama hapo kama mlingoti. Chapati zao ni kavu, unga na maji, inaiva juu ya chuma cha moto inafura kama mpira ndio inapakwa siagi juu. Nimesukuma kama mia mbili mgongo umekufa

Kaka Nai: 1968 waliondoka wengi, Uingereza ilikuwa inafunga mlango kwa wenye pasi zake

Kaka Nai: Lakini wacha niwe mbaya kidogo, mnisamehe. Chakula ni kizuri, sawa. Mimi nimefanya kazi kwa Wahindi huku Nai nikapewa chai ya mlangoni miaka minne sebuleni sijawahi kuona. Kulishwa ni rahisi, kwa kamati ya shule utakaa? Ama wewe ni mgeni wa kupewa sahani mpaka mtoto amalize

Babu: Hilo analosema si uongo. Singasinga aliyeniajiri alinifundisha kuchomelea, kunyoosha bodi, kupiga rangi, kila kitu kinacholisha nyinyi nyote mnaoandika hapa. Miaka 11. Ufunguo wa stoo hakunipa hata siku moja. Na siku mama yenu alipolazwa ndiye alinipeleka na gari yake usiku na mvua. Nimeshindwa kumweka upande mmoja mpaka leo

Kitinda: Babu na si ulikuwa unatuambia ungempa Joginder Singh kura ya urais 😂

Babu: Huyo ni Simba. Alishinda Safari Rally 1965, 1974, 1976. Usimchanganye na mambo ya stoo

Dada UK: Kaka sijakasirika, ni swali zuri na mimi nimelifikiria. Kamati sijui bado. Ila ukienda kula unakaa chini kwa mstari na kila mtu, chini kabisa kwa zulia, mwenye kampuni na yule aliyelala nje usiku, na chapati unapokea kwa mikono miwili. Hapo wewe ni mgeni. Jikoni ni kitu kingine, jikoni unagombezwa. Yule mama wa Kisumu alinigombeza mbele ya watu kama anagombeza binti yake, nikajua sasa nimeingia. Nikikaa nje nikingoja kuitwa kwa kamati nitazeeka

Kaka Nai: Hapo umenishinda kidogo. Kidogo tu

Mjomba Lori: Na mtoto mwenyewe anasemaje, mnajadili kama ng'ombe wa mahari

Dada UK: Yeye alipewa jagi la maji azungukie watu, akamwagia mzee mmoja mguu, wakacheka wote. Kwa basi akaniambia anataka kurudi. Shule hajasema kitu anauliza tu kama kuna netiboli

Shangazi Mombasa: Basi muweke namba moja, na za mtaani muweke chini yake, usitie mayai yote kapu moja

Dada UK: Ndio wifi nitajaza hivyo

Babu: Mimi kesho nitapita gurudwara ya hapa niwaambie mjukuu wangu anaenda kwa watoto wao

Dada UK: Babu bado hajapata nafasi!!

Babu: Nitawaambia hivyo hivyo

Nyanya: huyo mama wa kisumu

Dada UK: Ndio mama

Nyanya: kisumu wapi. mimi kabla sijaolewa nilikuwa nanunua sukari kwa duka la singasinga karibu na stesheni bibi yake alikuwa mkali hivyo hivyo

Dada UK: Nitamuuliza Jumamosi mama

Nyanya: muulize kama kwao kulikuwa na kasuku

Mjomba Lori: Na mafuta uache nyumbani 😂