Je, wapo waliosafiri baharini kutafuta hazina wakaipata kweli?

Mpenda Historia:
Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Tangu utotoni nimesikia hadithi za vyombo vilivyokwenda ng'ambo kutafuta dhahabu iliyofichwa, na karibu zote huishia kwa watu kuangamia au kurudi mikono mitupu. Naomba mwenye ufahamu anieleze kama upo msafara wa aina hiyo, wenye ushahidi wa kihistoria, uliofanikiwa, na ni jambo gani lililoutofautisha na mingine.

Nanga:
Ndugu Mpenda Historia, upo, nao ni wa William Phips, fundi wa kuunda meli kutoka Maine, Amerika ya Kaskazini. Alikuwa akiitafuta Nuestra Señora de la Concepción, merikebu ya Kihispania iliyoondoka Havana mwaka 1641 ikiwa imesheheni madini ya fedha na huku inavuja. Kimbunga kiliivunja milingoti, kisha ikapanda mwamba kaskazini mwa Hispaniola, kisiwa cha Karibi chenye Haiti na Jamhuri ya Dominika za leo, kwa sababu waongozaji wake walishikilia kwamba wako karibu na Puerto Rico.

Mwaka 1683 Mfalme Charles wa Pili alimwazima Phips meli iitwayo Rose, na hatari kubwa ya safari hiyo ilitoka kwa watu wake mwenyewe. Mabaharia waliochoka kungojea mgawo wa hazina isiyoonekana walimwendea wakiwa na panga, wakimtaka ageuke haramia pamoja nao, naye, kama inavyosimuliwa, akawavamia kwa ngumi. Njama nyingine ilisukwa meli ilipokuwa ikikarabatiwa kwenye kisiwa kidogo. Seremala akaifichua, na Phips akawaelekezea mizinga walioko ufukweni mpaka wakasalimu amri. Mwaka 1685 alirudi Uingereza akiwa hana kitu cha maana.

Nafikiri ukubwa wake umo katika kurudi tena. Alipata wafadhili wapya, akiwemo mkabaila wa Kiingereza Duke of Albemarle, na mapema mwaka 1687 watu wake waliotangulia kwa meli ndogo iitwayo Henry wakayafikia mabaki. Inasimuliwa kwamba mmoja wao alichungulia majini, akaona mmea mzuri wa baharini umeota mwambani, akamtuma mpiga mbizi auchume. Alipoibuka, alisema chini kuna mizinga. Fedha iliyoopolewa ilizidi thamani ya pauni 200,000, na mwaka huohuo Phips akatunukiwa cheo cha Sir.

Msomaji wa Ramani:
Naongezea ulinganisho wa maelezo ya Ndugu Nanga. Mwaka 1889 Mwingereza E. F. Knight aliondoka Southampton kwa mashua ya matanga iitwayo Alerte kwenda Trindade, kisiwa cha Brazil kilicho mbali sana katikati ya Atlantiki, akifuata maelezo ambayo inasemekana yalitolewa na baharia mmoja aliyekuwa akikata roho. Kushuka pale ni kuhatarisha roho, kwa kuwa mawimbi hupasuka pande zote za kisiwa na chombo hakina pa kutia nanga kwa amani. Watu wake walichimba kwa miezi kadhaa katikati ya kaa wa nchi kavu waliojaa kila mahali, wala hawakupata hata sarafu moja.

Kwa maoni yangu, ujasiri wa Knight haukupungukiwa na kitu. Tofauti ni kwamba Phips aliitafuta meli iliyojulikana jina, mwaka na shehena yake, na manusura wake walikuwa wamesimulia ilivyozama, ilhali Knight alitegemea neno lililopita midomoni mwa watu wengi.

Mpenda Historia:
Nawashukuru sana. Je, Phips aliimaliza fedha yote?

Nanga:
Hapana. Wapiga mbizi wake, ambao majina yao yanatajwa mara chache mno ikilinganishwa na kazi yao, walizamia kwa pumzi zao tu, na sehemu ya meli iliyofunikwa na matumbawe haikufikika. Wengi waliitafuta baadaye bila mafanikio, hadi Mmarekani Burt Webber alipoipata mwaka 1978 kwa kifaa cha kupima usumaku, baada ya kumbukumbu za safari ya ile meli Henry kugunduliwa katika hifadhi ya nyaraka nchini Uingereza. Kumbukumbu hizo zilieleza mahali pa mwamba kwa usahihi uliomwezesha kupunguza eneo la kutafuta, na hivyo ndivyo alivyofika pale ambapo wenzake walipita bila kuona.