Tupeane uzoefu: Oman si mchanga mtupu, waliofika watueleze

Mleta mada, Mbeya
Ndugu wanajukwaa, mdogo wangu wa hapa Uyole anajiandaa kwenda kufanya kazi Oman, na kila anayemuaga anamwambia asibebe sweta kwa kuwa jangwani ni joto tupu. Nina shaka na ushauri huo. Naomba walioishi huko watueleze, kila mmoja kwa eneo analolifahamu, ardhi ikoje na hali ya hewa inabadilikaje.

Mwana Iringa
Nilikaa Muscat. Kuanzia Mei hadi Septemba pwani ile ina joto lenye unyevunyevu ambalo hata usiku halikupi nafuu. Mwezi Juni 2018, katika mji wa Quriyat, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima. Sweta ni la ofisini tu, kwenye kiyoyozi.

Tukuyu Yetu
Salalah, kusini katika jimbo la Dhofar, ni habari nyingine kabisa. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba kuna msimu uitwao khareef, ambapo upepo wa kusi unaopita juu ya maji baridi ya Bahari ya Arabuni huleta ukungu na manyunyu, milima ikawa kijani kibichi, na ng'ombe wakala majani pamoja na ngamia. Mtu aliyezaliwa chini ya Rungwe hujiona yuko kwao, mpaka avuke mgongo wa mlima, kwani upande wa pili ni Nejd, nchi kavu ya mawe ambako ukungu haufiki. Upepo huacha maji yake upande unaoukabili, na ndiyo maana hata kwetu, mkoani Iringa, Kilolo hupata mvua huku Isimani ikikauka. Huko Nejd ndiko mti wa ubani unakostawi. Mzee mmoja alinionyesha kazi yake: alibandua kipande kidogo cha gome, utomvu mweupe kama maziwa ukachuruzika, akauacha ugande kwa siku kadhaa kabla ya kuukwangua.

Njombe Baridi
Akipelekwa Jebel Akhdar, yaani milimani, sweta ni lazima. Uwanda wa Saiq, ulioko huko, uko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Januari baridi hukaribia nyuzi sifuri. Wakulima hupanda makomamanga na mawaridi kwenye matuta ya mawe, wakinyweshea kwa falaj, yaani mfereji unaoteremsha maji bila pampu, na kila shamba lina zamu yake. Waliokulia kwenye vinyungu, zile bustani zetu za mabondeni, wataelewa upesi.

Dereva, Makambako
Naongeza kuhusu wadi, yale mabonde makavu. Mvua hunyesha milimani wakati wewe uko chini kwenye jua kali, na kwa kuwa ardhi ya mawe hainywi maji, mafuriko hushuka ghafla na kubeba magari. Akikuta maji yamekatiza barabara, asubiri yapungue.

Mleta mada, Mbeya
Nawashukuru sana. Amepangiwa Nizwa, chini ya Jebel Akhdar. Aliyeishi hapo atueleze usiku wa Desemba na Januari unakuwaje.