Chui ameomba radhi, nami nimekitupa kitabu

Mleta mada

Wanajukwaa, nawasalimu kwa hasira. Haijapita hata robo saa tangu nikitupe kile kitabu chini ya kitanda, na mwandishi wake sitamtaja kwa sababu hana haja ya kutajwa. Ni yuleyule mnayemjua, mwenye majalada ya mwezi mpevu na msichana aliyetupa mgongo huku nywele zikipepea kuelekea kule upepo unakotoka. Nimemvumilia juzuu tatu. Hii ya nne imenitukana.

Msichana wetu ana miaka 17. Anazungumza lugha tisa, na mojawapo ilikufa kabla babu wa babu yake hajazaliwa, kwa hiyo sijui aliyemsahihisha matamshi ni nani. Anarusha chombo cha angani ambacho marubani waliozeekea kazini wanakiogopa, anashona majeraha, anachanganya sumu pamoja na dawa yake, na akiimba, askari wa adui huweka silaha chini ili wapate mkono wa kufutia machozi. Yeye mwenyewe anajiona hana sura, ingawa kila mwanamume anayeingia katika sura yoyote ya kitabu hujikwaa kizingitini. Kasoro yake pekee, tuliyoahidiwa tangu juzuu ya kwanza, ni kwamba anawajali watu kupita kiasi. Kasoro ya namna hiyo mtu huiandika kwenye barua ya kuomba kazi.

Hayo yote niliyameza. Sasa njooni kwenye chui.

Chui huyo ni mweupe, ana macho ya rangi ya fedha, na huzungumza na binti akilini tu, bila mtu mwingine kusikia. Katika sura ya 31 binti anapewa kazi moja, nasema moja, ya kufunga lango la mji kabla jua halijazama. Hafungi. Ameketi juu ya ukuta akiitafakari huzuni yake. Adui wanaingia, mji unaungua usiku kucha, na yule mwoka mikate aliyekuwa mtu pekee mwenye akili katika mfululizo mzima anafia mlangoni pake akiwa bado ameshika koleo la tanuri. Mimi nikaketi wima kitandani. Hatimaye! Hatimaye amekosea, na sasa tutaona ameumbwa kwa kitu gani.

Ndipo chui akainamisha kichwa na kumwambia akilini kwamba kosa ni lake yeye, chui, kwa kutomkumbusha, na kwamba anaomba radhi.

Chui aliomba radhi. Mji umekuwa majivu, na anayeomba radhi ni mnyama asiye na vidole vya kushikia komeo. Nilirudi nyuma kurasa mbili nikidhani nimeruka mahali. Sikuwa nimeruka. Na binti, kwa ule moyo wake mkubwa tulioambiwa habari zake, akamsamehe.

Bundi wa Maktaba

Ndugu mleta mada, pole, lakini juzuu tatu nzima umezisoma kwa hiari yako, wala hatujasikia kwamba kuna aliyekusimamia na panga. Nakumbuka pia kwamba ulipomaliza juzuu ya pili ulifungua uzi wa kutuapia kuwa humsomi tena. Tutakutana hapa hapa juzuu ya tano.

Mleta mada

Mkuu, juzuu ya pili hakuna chui aliyeomba radhi.

Karani Mstaafu

Ugonjwa huu wa mhusika anayeweza kila kitu una jina, Mary Sue, na una umri. Mwaka 1973 Paula Smith, Mmarekani, alichapa katika jarida dogo la mashabiki wa Star Trek, tamthilia ya televisheni ya safari za angani, kisa kifupi cha dhihaka kuhusu Luteni Mary Sue, mwenye miaka 15 na nusu, mdogo kuliko maluteni wote wa kikosi. Wakubwa wake wanapougua, anakiongoza chombo peke yake na kutunukiwa hadi Tuzo ya Nobel ya Amani, kisha anakufa huku wote wakilia, na siku yake ya kuzaliwa inafanywa sikukuu chomboni. Bibi yule aliandika mzaha kwa sababu alichoshwa na hadithi za namna hiyo zilizokuwa zikimiminika. Mwandishi wetu, nadhani, aliusoma mzaha akadhani ni mwongozo wa kazi.

Sindano ya Pili

Nami niulize: kwa nini jina la ugonjwa ni la kike? Mwaka 1959 Andre Norton alitoa riwaya ya mwanamume anayeunganishwa kimawazo na tai, paka mkubwa wa jangwani na wanyama wawili wadogo wa jamii ya nguchiro, tena ni askari hodari, na sijaona uzi wa kumlilia. Mwanamume akijua kila kitu tunamwita shujaa, binti akijua kila kitu tunahesabu lugha zake kwa vidole. Mleta mada, hebu ujichunguze.

Mleta mada

Dada, nimejichunguza na nakubali nusu. Angekuwa kijana wa kiume ningekitupa vilevile, pengine mbali zaidi. Mimi sigombi na lugha tisa, nagomba na chui. Mnyama yule ni shahidi ambaye hakuna mwingine anayemsikia, na kila akitoa ushahidi ni wa kumsafisha bibi yake. Mwoka mikate angeweza kumlaumu, lakini amekufa. Jemadari angeweza kumlaumu, lakini kila akifungua mdomo chui anasema akilini kwamba jemadari ana wivu, nasi tunatakiwa kuamini kwa sababu ana macho ya fedha. Basi ikabaki kuomba radhi tu, naye akaomba.

Jivu la Joka

Msiwatie wanyama wote kapu moja. Anne McCaffrey alipoanza visa vyake vya majoka mwaka 1967, mawasiliano yale ya akilini yalikuwa na bei. Joka hufungamana na mpandaji wake anapoanguliwa tu, na mpandaji akifa, joka naye hujiua. Joka akitangulia, anayebaki huwa nusu mtu. Hadithi ile ya kwanza ilimpa Hugo, tuzo ya hadithi za kubuni za kisayansi na za ajabu, mwaka 1968, akawa mwanamke wa kwanza kuipata kwa utunzi wa hadithi. Pale mnyama ni mzigo na ni mapenzi. Huyu chui wenu ni kipaza sauti chenye manyoya.

Mjukuu wa Msimulizi

Na kwa nini tuende mbali? Katika kisa cha Sultani Darai, alichokichapa Edward Steere mwaka 1870, paa anayesema anamtoa maskini jaani, anamtafutia mke wa kifalme, anamuua nyoka wa vichwa saba ili bwana wake apate nyumba. Paa anapougua, bwana anamnyima hata chakula kizuri. Je, paa anaomba radhi kwa kuugua? Anakufa kwa uchungu, na bwana anaamka siku moja akijikuta jaani, anachakura kama zamani. Huyo ndiye mnyama mwenye heshima zake.

Mleta mada

Asante sana. Paa hakuomba radhi! Ningeomba tubaki hapo hapo.

Kwato Nne

Mimi kero yangu ni farasi. Anakimbia siku tatu bila maji, akilini anazungumzia heshima, hatima na nyota. Farasi aliyeachiwa malishoni hula zaidi ya nusu ya siku, kwa hiyo mtu akifunguliwa akili ya farasi wa kweli atasikia majani, majani, nzi, majani, na pengine jiwe lililonasa katika ukwato wa nyuma. Hakuna farasi hata mmoja katika vitabu hivi anayelalamikia ukwato.

Bundi wa Maktaba

Na paka hulala zaidi ya nusu ya siku. Chui akilala, binti anakaa na nani akilini?

Sindano ya Pili

Hapo sasa mmenigusa. Katika kile kingine cha chombo cha angani, mnajua ni kipi, wana tai anayeishi chumba cha mitambo. Manyoya yake yanakwenda wapi? Hewa yote ya chombo inapita katika chujio moja, na kwa kurasa 600 hakuna aliyelisafisha.

Mleta mada

Wadau, nawasihi turudi langoni. Mji uliungua.

Kwato Nne

Chujio la hewa ni dogo, mkuu. Tai akiwa chomboni, swali ni kinyesi, kwa sababu hakianguki chini chenyewe kama hakuna mvutano wa kukivuta, kinaelea.

Jivu la Joka

Kile chombo kina mvutano, soma sura ya sita. Kasoro ni kwamba milango hufunguliwa kwa kiganja cha mtu, na tai anapita mwenyewe.