Wakuu, eti mtu wa O nega hana damu ya kima? Kuna meseji inazunguka WhatsApp

Baba_Kijacho
Wakuu habari zenu. Wife ana mimba ya miezi minne, juzi kapimwa kliniki kaambiwa ni O nega, mimi B posi. Nesi kasema tu atakuja kuhitaji sindano halafu akaita mwingine, foleni ilikuwa si mchezo. Sasa nimegugo nakuta hiyo posi na nega inaitwa rhesus, na rhesus ni kima, na huku kwenye grupu la familia shemeji katuma meseji eti watu wa nega hawana damu ya kima kabisa ndo maana miili yao inakataa mtoto wa posi. Wife kaisoma analia tu. Wenye ujuzi naombeni ukweli.

mtu_wa_maabara
Mkuu mwambie shemeji apumzike kidogo. Mwaka 1940 Landsteiner na Wiener kule New York walichukua damu ya rhesus, kima wa huko Asia, wakawachoma sungura, sungura wakatengeneza kingamwili, yaani zile askari wa mwili zinazoshika kitu kigeni. Wakachanganya zile kingamwili na damu za watu, kama asilimia 85 zikashikana vidonge vidonge, hao ndo wakaitwa posi. Sasa utamu uko hapa: baadae ikaja kuonekana kingamwili za wale sungura zilikuwa zinashika antijeni (alama iliyo juu ya seli nyekundu) nyingine kabisa, siyo hii inayoitwa D tunayopima leo. Ikapewa jina LW, herufi za hao jamaa wawili, na wife wako wa nega NAYE ANAYO, sema kwake ni kidogo kuliko ya mtu wa posi. Kwa hiyo stori ya "hana damu ya kima" imekufa kitambo, jina tu ndo limeganda. Nega maana yake seli zake nyekundu hazina D, basi.

Chalii_wa_Ngarenaro
😂😂 mi nilisikia gorila wote ni grupu B, mtoa mada na wewe ni B, ukipungukiwa damu si unaenda tu porini

mtu_wa_maabara
@Chalii gorila kweli ni B, sokwe mtu wengi ni A na wachache O, B kwao hakuna. Hizi A na B ni za zamani mno, utafiti wa 2012 ulionyesha sisi na giboni (jamii ya sokwe wadogo wa Asia) tumezirithi kutoka kwa babu mmoja, zaidi ya miaka milioni 20. Ila damu yake usijaribu, seli zake zina antijeni nyingine kibao ambazo mwili wako haujawahi kuziona.

Mama_Watatu
Achaneni na magorila, mtu ana mke mjamzito. Shem mimi ni A nega, mume posi, watoto watatu wazima wanacheza hapa. Mimba ya kwanza mara nyingi haina shida, ila damu ya mtoto ikiingia kwako wakati wa kujifungua mwili unajifunza kutengeneza kingamwili za D, anayefuata ndo anaumia. Sindano inaitwa anti-D, nilichomwa wiki ya 28 na tena ndani ya masaa 72 baada ya kujifungua, kila mtoto maana wote ni posi. Mimba ikitoka au akipata damu katikati, muwahi, msisubiri tarehe ya kliniki. Na uliza mapema kama dawa ipo, siku zingine unaambiwa ukanunue nje na bei yake uijue kabla.

Baba_Kijacho
Asanteni sana, nimemsomea wife kacheka ile ya gorila. Swali la mwisho, yeye O mimi B, hilo nalo halina shida?

mtu_wa_maabara
Mtoto anaweza kuwa B au O. Kingamwili za B wife anazo toka mdogo bila hata kuongezewa damu, ila zikimfikia mtoto kwa kawaida ni manjano tu ya siku za mwanzo. Akizaliwa mkiona macho ya njano mrudisheni haraka apimwe. Na kliniki ijayo waombe wampime wife kama tayari ana kingamwili za D, maana akiwa nazo hiyo sindano haisaidii tena.