Naomba ushauri: giaboksi ya gia 5 kwenye Morris Minor

Wakuu, habari za jioni. Nipo Tanga, Ngamiani. Nina Morris Minor ya marehemu babu, injini yake ile ya 1098 cc, bado inavuta vizuri. Tatizo ni giaboksi: gia 4 tu, na namba moja haina sinkro (kile kifaa cha kulinganisha mizunguko ili gia iingie bila kukwaruza), hivyo lazima usimame kabisa ndipo uiingize. Nikishika njia ya Segera injini inalia kama mashine ya kusaga.

Nimepata giaboksi ya gia 5 ya Corolla ya zamani, aina ya T50. Fundi wa kukereza vyuma anasema atachonga pleti ya kuiunganisha na injini. Hofu yangu ni senta: shafti ya giaboksi ikipishana hata kidogo na krenki (shafti kuu ya injini), beringi na klachi haziishi. Pleti ikizidi unene nayo, ncha ya shafti haitafika kwenye bushi yake nyuma ya krenki.

Diski ya klachi nitumie ya Toyota kwa sababu ya meno ya shafti, au? Na klachi ya Morris ni ya fimbo. Nihamie ya mafuta? Propela (shafti ya kwenda difu) najua itabadilishwa urefu.

Aliyewahi kufanya anielekeze. Wa "uza ununue IST", nimeshawasikia.